Anayemjua Muuaji

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza, banda la kuonyeshea picha, anajua sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungiwa ndani ya nyumba inayoungua, na bado dakika za mwisho atatokea na plasta usoni. Kwa picha la ngumi tupu sheria hiyo haimsumbui mtu, kwa sababu tumekuja kuona atatokaje. Picha la upelelezi ni shauri jingine. Humo stelingi hafi, sawa, lakini kuna mtu amekufa tangu dakika ya tano, na aliyemuua yumo mle mle ndani ya picha, anakunywa chai na mpelelezi, anampa pole mjane. Sisi sote hatumjui. Banda zima anayemjua ni mmoja tu, na huyo ni mtafsiri, ndiye anayeongea muda wote.

Mtafsiri ninayemsema anafanya kazi Karatu, katika banda la mabati lenye mabenchi ya mbao, nje kidogo ya barabara kuu inayopanda kuelekea Lango la Loduare na Ngorongoro. Jina lake silitaji, hajaniomba nimtangaze. Siku za mpira banda ni la mpira, kama mabanda mengine yote nchini. Siku zisizo na mpira ni la picha. Picha nyingi siku hizi hufika zikiwa zimeshatafsiriwa Dar es Salaam au Nairobi, sauti imeshapachikwa, na kazi ya mwenye banda inabaki kuchomeka flashi. Huyu bado ana maiki yake, kaifunga kwa utepe mweusi shingoni, na anatafsiri papo hapo, kakaa kwenye stuli pembeni ya televisheni, uso nusu kwetu, nusu kwenye picha. Miezi ya Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka msituni na baridi ya Karatu ikianza kuuma, banda hujaa mpaka mlangoni.

Wanaokuja ni madereva wa watalii waliorudi kutoka kreta na vumbi lao, vijana wa bodaboda, wafanyabiashara wa vitunguu kutoka Mang'ola, wakulima wa Rhotia. Majumbani kwao wengine wanaongea Kiiraqw, wengine Kimaasai, Kidatoga, Kichaga. Picha lenyewe linaongea Kichina au Kiingereza. Wote hao wanakutana kwenye Kiswahili cha mtu mmoja, na mtu huyo akikosea neno, picha zima linapinda.

Kazi hii ina wazee wake. Tanzania jina la kwanza kutajwa ni la Kapteni Derek Mukandala, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Lufufu. Sauti yake ilisafiri kwa kanda za video hadi vijiji ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kuvikanyaga. Kenya wanaye DJ Afro. Kampala wana VJ Jingo na wenzake wanaotafsiri kwa Kiganda. Ukirudi nyuma zaidi, kati ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa sinema wa kikoloni uliokuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ambao ulipiga picha bila sauti kisha maelezo yakarekodiwa kwenye santuri kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Wajapani nao, kabla picha hazijaanza kusema, walikuwa na wasimulizi waliosimama kando ya pazia na kuwasemea waigizaji wote. Waliitwa benshi, na baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji wenyewe. Kaka yake mwongozaji wa filamu Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi. Picha zenye sauti zilimnyang'anya kazi, na mwaka 1933 alijiua. Mwaka 1949 mdogo wake alitengeneza Stray Dog, habari ya kachero kijana aliyeibiwa bastola yake na kuisaka katika joto kali la Tokyo. Mpaka leo picha za upelelezi zilizoifikia hiyo ni chache.

Watu wakimsifia mtafsiri husifia mapigano. Wanasifia utani, majina ya kupachika, jinsi anavyomtukana adui kwa niaba ya banda zima. Mimi nayapenda hayo yote, lakini naona hayampimi. Kwenye ngumi, picha linajitafsiri lenyewe. Hata ukizima maiki, aliyepigwa tunamwona. Mtafsiri anapimwa na picha linalochanganya ngumi na fumbo, kwa sababu hapo anatakiwa kufanya kazi mbili zinazogombana: kuwachangamsha watu ili wasisinzie, na kuwanyima kitu kimoja ambacho wangependa wapewe.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulizijua kazi hizo mbili zikiwa mbalimbali. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni mwaka 1960 na Mzimu wa Watu wa Kale, ni mtu wa kiko na kufikiri. Anatembea Unguja akiuliza maswali, anaangalia mambo ambayo wengine wameyapita, na bunduki haimhusu sana. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetokea mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, anapanda ndege, anapiga watu, anapigwa, na muda wa kukaa na kuwaza ni mchache. Joram Kiango wa Ben Mtobwa alisimama mahali fulani katikati, na ndiyo maana vijana wa miaka ile walimgombania. Picha la upelelezi lenye mapigano linamtaka Bwana Msa na Willy Gamba wakae ndani ya shati moja, na mtafsiri awe na koo la wote wawili.

Sasa tazama anavyofanya. Usiku mmoja aliweka Detective Dee and the Mystery of the Phantom Flame, picha la Tsui Hark la mwaka 2010, Andy Lau akiwa mpelelezi. Habari ni ya China ya mwaka 689. Malkia Wu Zetian anakaribia kutawazwa kuwa mfalme mwanamke, na mbele ya kasri lake linajengwa sanamu la Buddha refu kupita majengo yote. Ghafla maofisa wanaanza kuwaka moto kutoka ndani ya miili yao, mchana kweupe, watu wakitazama. Kabla ya kuungua walikuwa wamezigusa hirizi zilizotundikwa ndani ya sanamu. Malkia anamtoa Dee kifungoni, mtu yule yule aliyempinga miaka minane nyuma, ampelelezee.

Hirizi. Fikiria neno hilo likitua katika banda la Karatu. Watu walishahukumu kesi kabla mpelelezi hajavua pingu. Mtafsiri mwenye haraka angeanza kujionyesha mjanja: angecheka kidogo, angetia shaka kwa sauti, na watu wangejua kwamba hirizi si jibu. Mtafsiri mwoga angefanya kinyume, angezikuza hirizi mpaka mwisho wa picha uonekane wa kijinga. Huyu wetu alilitamka neno kwa uzito ule ule ambao maofisa wa malkia walilitamkia. Hakuongeza wala hakupunguza. Waliosadiki waliendelea kusadiki, na waliokuwa na shaka wakabaki na shaka zao. Mzee mmoja nyuma yangu alisema kwa uhakika kwamba hakuna dawa ya kitu kama hicho. Maiki ilimsikia, ikamjibu, "Mzee anasema hakuna dawa. Haya, tumsikilize Dee naye anasemaje."

Hiyo ndiyo mbinu yake dhidi ya watu wanaobahatisha, na banda halikosi watu hao. Mmoja anapiga kelele, "Ni huyo huyo!" Mtafsiri hakubali, hakatai. Anamchukua mshukiwa huyo na kumrudisha mezani pamoja na wengine: labda, lakini na yule aliyetoka chumbani mapema je? Anawatendea washukiwa wote sawa. Nimemchunguza nikitafuta jicho au kikohozi kitakachomsaliti, kwa kuwa picha nyingine nilishaziona kabla yake, lakini sikukiona.

Kisha kuna sauti. Kwa kawaida mtafsiri mmoja ana sauti tatu nne: ya stelingi, ya mwanamke, ya mzee, na ile ya kukwaruza ya adui. Ile ya adui inapendwa sana, watoto huiiga njiani. Katika picha la upelelezi ni mtego. Ukimpa muuaji sauti ya kukwaruza tangu mwanzo umeshamwaga mchele. Ukimpa mtu asiye na hatia, umewadanganya watu kwa kitu ambacho mwenye picha hakukikusudia, na mwishoni watakuona tapeli. Kwa hiyo muuaji lazima apewe sauti ya kawaida, tena yenye upole kama wenzake, na aishi nayo saa nzima na nusu. Usiku ule wa Detective Dee, mhalifu alipofichuliwa, mtafsiri hakukimbilia ule mkwaruzo. Aliiacha sauti ile ile ya upole, ila sasa maneno yalikuwa mengine. Banda lilinyamaza kwa namna ambayo hainyamazi hata kwa penalti. Mhalifu mwenyewe simtaji hapa. Ningemtaja ningekuwa sijajifunza chochote.

Jambo jingine dogo la usiku ule. Mmoja wa wasaidizi wa uchunguzi, Pei Donglai, ni ofisa mwenye ualbino, mpiganaji hatari, mkali wa maneno. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya imani za kishirikina, mtafsiri mvivu angeweza kumpachika jina la kuchekesha na angepata kicheko chake. Alimwita Inspekta Pei kutoka mwanzo hadi mwisho, na kufikia katikati ya picha vijana wa bodaboda nao walikuwa wanamshangilia kwa cheo.

Nilidhani zamani kwamba siri nyingi za picha huvuja kwenye maneno makubwa. Zinavuja kwenye maneno madogo. Kiingereza kikimtaja mtu kwa kiwakilishi kwa kawaida husema kama ni mwanamume au mwanamke, hivyo shahidi anayekata roho akitaja neno moja tu la kumrejelea aliyemchoma kisu, nusu ya washukiwa wameshatoka hatiani. Kiswahili kinasema "ameniua" na kufunga mdomo. Hapo mtafsiri anasaidiwa na lugha, na anajua kuutumia msaada huo. Lakini undugu unamlipiza. Mzungu ana neno moja kwa kaka na mdogo wake, na moja kwa mjomba na baba mdogo. Karatu ukisema "baba mdogo", wazee wa Kiiraqw walioko kwenye benchi wanajua papo hapo mashamba na ng'ombe wa marehemu yataelekea wapi, na mtu huyo ameshapandishwa kizimbani. Ukisema "mjomba", ametoka. Mtafsiri hawezi kukwepa. Lazima achague, na achague akiwa amelitazama picha lote mapema peke yake. Kama undugu wenyewe haujawekwa wazi, humwita mtu huyo kwa kazi yake, daktari au mwenye nyumba, mpaka pale picha litakapotaka tujue.

Ndiyo, analitazama peke yake kwanza. Asubuhi, banda likiwa tupu, anakaa na picha la usiku, anasimamisha, anarudisha nyuma. Haandiki kitu. Anachotafuta, kama nilivyomwelewa, ni mahali pa kunyamaza.

Kamera ya picha la upelelezi ina tabia ya kutua sekunde mbili juu ya kitu kidogo, glasi au kitasa cha mlango, kisha ikaondoka bila kusema lolote. Hicho ni kidokezo. Mtafsiri akikitaja, kimeharibika. Watu watakikumbuka mno. Akizungumza juu ya jambo jingine kwa nguvu wakati huo, amekificha kabisa, na mwishoni mpelelezi akikitoa mfukoni watu watasema wamedhulumiwa. Kitu kinatakiwa kionwe na kisizingatiwe. Hufanya hivi: anamaliza sentensi yake sekunde moja kabla, anaacha pengo, kisha anaendelea na habari kana kwamba alikuwa anavuta pumzi. Na kidokezo kikiwa cha kusikia, hatua za mtu anayechechemea au saa iliyosimama, mkono wake wa kushoto unaivuta juu sauti ya picha kabla hatujajua kwamba kuna la kusikiliza.

Anayetaka kuona jinsi ushahidi unavyoweza kukaa mbele ya macho ya wataalamu asitafute picha. Apande hadi Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, kusini ya Oldupai. Mwaka 1976 wanasayansi wa kundi la mwanaakiolojia Mary Leakey waliona nyayo zilizokauka kwenye majivu ya volkano. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, wakapata zile zilizotangaza Laetoli duniani, nyayo za viumbe waliotembea wima miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Zile za kwanza, zenye umbo la ajabu, zilidhaniwa na baadhi ya wataalamu kuwa za dubu, na kesi ikafungwa. Mwaka 2019 zilifukuliwa upya, zikasafishwa na kupimwa, na mwaka 2021 ikachapishwa hoja kwamba hakuwa dubu. Hoja inasema ni jamaa mwingine wa ukoo wetu, tofauti na wale wa mwaka 1978. Kwa miongo kadhaa mshukiwa alikuwa ameandikwa jina lisilo lake. Dereva mmoja wa watalii anayekuja bandani ameisimulia habari hiyo kwa wageni wake mara nyingi, na kwenye picha za upelelezi huyo ndiye habahatishi ovyo.

Kuhusu mapigano, nirudi kidogo, maana nimeyaonea. Sherlock Holmes ya Guy Ritchie, mwaka 2009, ina kitu ambacho mtafsiri wa ngumi za kawaida hakiwezi. Holmes, aliyeigizwa na Robert Downey Jr., kabla ya kumpiga mtu analipanga pigano zima kichwani. Picha linakwenda polepole, na sauti yake ya ndani inataja pigo kwa pigo: hapa nitamvuruga masikio, pale nitavunja mbavu, atapona baada ya muda fulani. Kisha yote yanatokea tena kwa kasi ya kweli, sekunde chache tu. Hapo kufikiri na kupiga vimekuwa kitu kimoja; ni Bwana Msa kakunja ngumi.

Mtafsiri wa papo hapo ana matatizo mawili hapo. Kwanza, picha limeshajisimulia, kwa hiyo anasimulia msimulizi. Pili, mara ya kwanza ana muda mwingi, mara ya pili hana hata wa kumeza mate. Nimesikia sauti iliyorekodiwa na mwingine ikijaribu kuyasema mapigo yote mara mbili, ilikuwa fujo. Wetu aliyasema yote mara ya kwanza, taratibu, kwa sauti ya chini ya daktari anayesoma cheti. Mara ya pili aliondoa maiki mdomoni. Banda ndilo lililotafsiri: watu waliyataja mapigo wenyewe, kwa pamoja, kwa kuwa walishafundishwa. Niliangalia huku na huku kuhakikisha kwamba sikuota.

Sheria haiko upande wake kwa urahisi, na hilo lisemwe. Kuonyesha picha kwa umma kunahitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na hakimiliki ya picha la Hollywood au Hong Kong haimo mfukoni mwa mwenye banda la Karatu. Mwenye picha hapati chake. Sidhani ufundi unafuta deni hilo. Nasema tu kwamba ufundi upo, na hakuna anayeuandika.

Wakati mwingine sauti ya mtafsiri ndiyo inayobaki. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, picha la makomando na helikopta lililotengenezwa kwa fedha ndogo mno. Nakala yake ya asili ilifutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi ya picha lililofuata. Iliyosalia, na ambayo dunia nzima imeitazama, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania na kupiga kelele. Na jibu la swali lililoko kwenye jina la picha halitolewi. Nani alimuua Kapteni Alex? Picha linaisha hatujaambiwa. Nilipomuuliza mtafsiri wetu kama angekubali kulitafsiri, alifikiri kwa muda, akasema hapana, yeye hawezi kushika maiki kwenye kesi asiyojua mwisho wake.

Kesi zetu wenyewe hazijakosa. The Ivory Game, filamu ya hali halisi ya mwaka 2016, iliwafuata makachero wa Tanzania wakimsaka mtu wa pembe za ndovu aliyejulikana kwa jina la Shetani. Alikamatwa mwaka 2015 na mwaka 2017 akahukumiwa miaka 12. Kulikuwa na fumbo na mbio humo, na bunduki pia. Ngorongoro ina askari wanaolinda faru, ina ukungu unaoficha barabara mchana, ina mji wa Karatu ambako mgeni anayepita usiku mmoja hamshangazi mtu. Watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam na Arusha wanalalamika kila mara kwamba waandishi wazuri wa upelelezi hawapo, na matokeo yake tunaletewa picha ambazo muuaji anajulikana kabla jina la picha halijaisha kuandikwa. Basi waende vibandani. Wawatafute watu hawa wanaotazama picha asubuhi peke yao wakitafuta mahali pa kunyamaza, wawaweke kwenye meza ya kuandika mazungumzo, wawalipe, na waandike majina yao mwishoni.

Na wewe msomaji, ukipita Karatu siku isiyo na mpira, uliza picha linaanza saa ngapi na uingie kabla halijaanza. Kwenye picha la ngumi unaweza kuchelewa. Kwenye la upelelezi, dakika ya tano mtu ameshakufa, na hakuna atakayekurudishia. Kama picha lenyewe umeshaliona, kaa nyuma na ufunge mdomo.